Canon Mbili za Général

Kwa nyinyi ambao wiki jana mlikuwa mnakimbia, na gazeti likaishia kufungia ndagala, dagaa wa ziwa letu, nawapa kwa ufupi.

Mimi ni Libérat Ngendakumana, mzaliwa wa Nyakabere, mkaaji wa Uvira, fundi wa kurekodi ambaye hajawahi kurekodi kitu cha maana. Niliwaachia mdogo wangu Placide, mtoto wa mama mdogo, amepigishwa magoti kwenye barieri ya Sange, kizuizi cha jeshi barabarani. Askari ameshika simu yake, anasoma kwa kidole, neno moja moja, ujumbe ambao Placide alikuwa amenitumia asubuhi ile:

"Général, canon mbili niko nazo. Fantôme itafika Ijumaa. Tukifungua, Uvira mzima itasikia."

Haya, chekeni. Na mimi nilicheka nilipoupokea.

Huku kwetu mtu wa muziki akisema canon, anasema ile waya nene ya mikro, yenye vichwa viwili vya chuma, kimoja dume, kingine jike. Ndivyo tulivyofundishwa kwa Kifaransa, ndivyo tunavyoiita. Aliyeibatiza hakufikiria kwamba siku moja mtoto wa Uvira ataibeba kupita mbele ya watu wenye canon za kweli, zile za mizinga. Na fantôme, yaani mzuka, ni umeme mdogo tu. Unapanda ndani ya waya bila kuonekana, unaenda kuamsha mikro. Hakuna zaidi.

Na Général? Général ni mimi.

Placide ndiye aliyenipa jina hilo, tukiwa wawili chumbani, kwa sababu, alisema, mimi nagawa amri nimekaa na vita anapigana yeye. Hakuna mwingine aliyelijua, hata mama yake. Ndivyo alivyoniandika kwenye simu yake. Na mimi, kichwa maji, nilimjibu hivi: "Zifiche. Barieri wasizione."

Niliogopa watatunyang'anya waya. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Kisa changu ni kibaya zaidi, maana kidole changu kiliponza kichwa cha mwenzangu.

Basi Placide alikuwa na siku tatu ndani ya kasho, selo ya jeshi, na kila siku walimuuliza mambo mawili: canon zenyewe ziko wapi, na Général ni nani. Walipoona waya ndani ya mfuko wake hawakuamini kwamba ndizo canon. Walisema hizo ni kamba za kulipulia tu, chuma chenyewe kimefichwa. La pili hakulijibu kabisa.

Mimi niliposikia, unajua jambo la kwanza nililofanya, kama mwanaume? Nilitoa kadi ya simu nikaitupa chooni.

Wao wakapiga ile namba ya Général mara kumi, haipatikani. Wakasema: mnaona? Yuko porini, huko hakuna rezo.

*

Mtaniuliza, waya za nini wakati milio ya bunduki inatoka upande wa Makobola na watu wanafunga magodoro kuvukia Burundi? Niulizeni, nimestahili.

Placide anarap. Anarap vizuri, hilo siwezi kulikataa hata kwa wivu. Mimi sina sauti, nina kompyuta. Tulikuwa na chumba kimoja chenye bati, na blanketi tatu ukutani za kunyamazisha mwangwi. Ilibaki mikro na preampli, kile kisanduku cha kuipandishia mikro nguvu. Mtu mwenye akili angekwenda kumuuliza Dieudonné, fundi wa sauti wa parokia, ambaye alishika mikro sisi tukiwa bado tunanyonya.

Nilikwenda, tena nilikaa nikasikiliza. Ila niliyosikia yaliingia huku yakatokea huku.

"Libérat," alisema, akinionyesha mikro moja nyeusi ya kwaya, kichwa kimebonyea kama sufuria ya matanga, "kwa rap ya nyumbani chukua dynamique, sawa hii. Placide aiweke karibu na mudomo. Inasikia mudomo tu, ingine yote inaacha."

"Na ile ya condensateur, kaka?"

"Ile inasikia kila kintu. Bati, kuku, mashine ya unga, jirani anagombana na bibi yake. Ni ya watu wenye nyumba ya kimya. Weye iko na kimya fasi gani, wapi mu Uvira hii? Tena bila fantôme haiamuke."

"Kwa hiyo hii haina shida?"

"Iko na uvivu. Inaomba preampli ya nguvu ya kuisukuma. Preampli ya muzuri, unafungua gain, ile kifungo ya nguvu, mpaka karibu ya mwisho na hausikie shiii. Ukisikia shiii sawa ndagala mu mafuta, rudisha kwa mwenyewe. Chukua hii, parokia iko na ingine."

Mikro ya mabibi wa kwaya! Mimi! Nilimwambia asante kwa midomo tu, nikamuachia mikro yake, nikaenda moja kwa moja sokoni Mulongwe kwa Sylvestre.

Sylvestre mnamjua, hata kama hamumjui. Anauza betri, marashi na sumu ya panya kwenye meza moja, na kama ungemuomba moyo wa binadamu angekuambia rudi kesho. Alifungua kasanduku kenye kitambaa chekundu ndani. Humo ililala mikro ya rangi ya dhahabu, nene kama mhogo wa Sange.

"Petit, hii ndiyo banatumia Ulaya."

"Weye umefika Ulaya?"

"Karatasi yake imefika."

Jibu hilo lilinitosha, mjue akili yangu ilivyo. Nilimpa baiskeli ya marehemu baba. Akaniongezea preampli yenye taa nyekundu, na kwa ile taa mate yalinidondoka.

Nyumbani tukagundua kwamba ni condensateur, kwamba haina waya, na kwamba preampli haina kitufe cha fantôme. Taa ilikuwepo, ya urembo.

Nikarudi kwa Sylvestre. "Fantôme inauzishwa pembeni, petit," alisema bila kuona haya. "Iko Bujumbura. Itafika Ijumaa."

Na waya? Kulikuwa na mpiga gitaa wa harusi huko Sange aliyekuwa anakimbia na kugawa vitu vyake. Nikamwambia Placide, "Weye nenda. Minye nabaki kuchunga mikro."

Nichunge mikro. Dhidi ya nani? Panya?

*

Jumatano asubuhi mama Anne-Marie, mama yake Placide, alinikuta nimelala.

"Amuka. Unaenda na minye kule kambini."

"Mama, kule banaweza kunifunga na minye."

"Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Bakufunge juu ya nini? Weye unajua ile mikro ni ya nini. Minye nikisema, banasema huyu ni mama, anadanganya. Uende uwaonyeshe. Simama."

Alikuwa amebeba beseni la ugali wa mhogo na samaki, maana mfungwa wa kwetu asipoletewa chakula na nduguye anakula macho. Nikatia mikro ya dhahabu na preampli ndani ya mfuko, tukaenda.

Kambi, walikomleta Placide kutoka Sange, ilikuwa pembeni ya mji wetu, kwenye depo ya zamani ya pamba. Kapiteni alikaa kwenye kiti cha plastiki, tumbo limetangulia vita. Juu ya meza waya zetu mbili zililala zimefungwa kitambulisho cha karatasi, kama maiti. Pembeni kulikuwa na bafle, spika kubwa waliyoikomboa kutoka nganda moja, maana jeshi letu likishindwa kukomboa mji hukomboa baa.

"Weye ni nani?"

"Ni kaka yake, mon capitaine. Nimekuja kuonyesha kama canon ni waya ya mikro tu. Mikro yenyewe ni hii."

Nilifungua kasanduku. Askari wakasogea. Dhahabu ni dhahabu, hata ya rangi.

"Bon," alisema kapiteni. "Kama ni mikro, iseme."

Nilichomeka waya, upande wa dume kwenye preampli, upande wa jike kwenye mikro. Nikaunganisha preampli na bafle. Taa nyekundu ikawaka. Nikajisikia mtu.

"Alo," nilisema.

Kimya.

"Alo, alo."

Kapiteni aliinama, naye akasema "Alo" kwa sauti ya kuita kikosi. Kimya. Mbuzi mmoja nje ndiye aliyejibu.

"Haiseme," alisema kapiteni.

"Ndiyo, mon capitaine. Haiseme juu iko bila fantôme."

"Bila nani?"

Na mimi, Libérat, mwana wa watu, mwenye kusoma mpaka darasa la sita la sekondari, nilimjibu kwa adabu zote: "Fantôme. Atafika Ijumaa."

Nilisikia bunduki tatu zikikokiwa kwa mpigo mmoja. Maneno yale yale yaliyokuwa kwenye simu ya Placide. Nilikuwa nimetembea kwa miguu yangu kutoka nyumbani kuja kuwathibitishia.

"Lala chini!" Nililala. "Fantôme anatokea wapi?"

"Bujumbura."

"Anakuja na watu ngapi?"

"Haiko muntu, mon capitaine! Ni umeme!"

"Ametumwa na Général?"

Uso wangu ulikuwa kwenye saruji, na kwa mara ya kwanza niliona kuna faida ya kulala kifudifudi.

Mama Anne-Marie aliweka beseni chini. Hakulia, hakupiga magoti. "Afande, munipe saa moja tu," alisema. "Kuna muzee wa parokia anajua hizi vintu. Huyu mutoto hana akili, lakini haiko mwasi. Mwasi angekuwa na akili kidogo."

Kapiteni alicheka. Akampa saa moja.

*

Mama alirudi na Dieudonné, kofia mkononi, jasho mgongoni, na ile mikro nyeusi ya kwaya mfukoni. Dieudonné alinitazama nilivyolazwa, akaitazama dhahabu yangu mezani, akatikisa kichwa. Hakusema "nilikuambia." Afadhali angesema.

Aliwasalimu askari wote kwa mkono, mmoja mmoja. Kisha akachomoa mikro yangu kwa vidole viwili kama anatoa kupe, akachomeka yake kwenye waya ile ile. Akafungua gain polepole, mpaka karibu ya mwisho. Bafle ikaanza kupumua na ile shiii, nyingi tu, maana preampli ya Sylvestre ni preampli ya Sylvestre. Dieudonné akaisogeza mdomoni.

"Tumsifu Yesu Kristu."

Depo nzima ilitetemeka. Na jeshi zima, pamoja na yule aliyenielekezea bunduki, wakajibu: "Milele na milele. Amina!"

Kapiteni alipiga paja, akacheka mpaka akakohoa. "Eeh! Kumbe!"

"Waya ni ile ile, mon capitaine," alisema Dieudonné. "Hiyo ndiyo inaitwa canon, tangu zamani za kwaya. Hii mikro yangu ni ya kimasikini, haiombe kitu. Ile ya Libérat ni ya kitajiri, inataka umeme upande mu waya uiamushe. Hauonekane, ndiyo maana baliita fantôme. Haiko muntu."

Askari mmoja alichukua mikro akasema "Alo, alo" kwa bibi yake aliye Kisangani. Mwingine akabweka. Kapiteni akaagiza Placide atolewe.

Alitoka amefumba macho kwa jua. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, kiatu kimoja hakipo. Alipomuona mama yake alisimama wima. Aliponiona mimi alitabasamu, na tabasamu lile sitalisamehe hata siku moja, kwa sababu lilikuwa la furaha kweli.

"Banasema weye ni mwanamuziki," alisema kapiteni. "Imba."

Placide aliishika ile mikro nyeusi, akaiweka karibu na mdomo uliovimba, akarap:

"Ndagala ni moja, naimega mara tatu,
ya mama, ya mimi, ya mugeni wa kiatu.
Mugeni amekula, anauliza ya kesho,
minye nakula mwiba, nashukuru kwa jasho."

Askari walirusha mabereti juu. Hakuna aliyejiuliza huyo mgeni wa kiatu ni nani, ingawa wote walikuwa wamevaa viatu. Na mimi, hapo nilipokuwa, nikasikia kwamba Dieudonné alisema kweli. Bati lililia kwa upepo wa ziwa, mbuzi alikuwepo, askari walipiga makofi, na mikro ile iliyoacha yote ilichukua mdomo wa Placide peke yake. Baiskeli ya baba ilikuwa imekwenda bure.

Nikasimama, nikapangusa magoti. Tumeshinda, nilijiambia. Tunarudi nyumbani.

"Bon," alisema kapiteni akipangusa machozi ya kicheko. "Canon nimeelewa. Fantôme nimeelewa. Sasa imebaki Général."

Alitutazama mmoja mmoja.

"Minye naona ni muchezo wa vijana. Lakini ripoti nilituma siku ya kwanza. Wakubwa baliandika 'Général' kwa karatasi, na gari iliyokuja kumuchukua ni ile pale." Aliionyesha kwa kidevu. Dereva alikuwa anatafuna muwa. "Siwezi kurudisha gari tupu. Huko juu atajielezea mwenyewe. Wakimuamini, anarudi. Basi ni nani?"

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Lilikuwa jambo jepesi. Askari walikuwa bado wanacheka. Dieudonné alikuwepo, mtu wa kanisa, angenishuhudia. Nilitakiwa kusema maneno manne tu: "Ni minye, mon capitaine." Mdomo niliufungua. Niliufungua kabisa, Mungu ananiona, na hakikutoka kitu.

Mama Anne-Marie alimshika Placide mkono. "Sema, mwanangu. Umuseme huyo muntu, twende nyumbani."

Placide alinitazama. Hakunitazama muda mrefu.

"Ni minye," alisema.

"Weye ulijiandikia weye mwenyewe?"

"Niko na simu mbili, mon capitaine. Ile namba ni yangu ya pili. Imepotea."

Kapiteni aliinua mabega. Hakuamini, ila alikuwa amepata mtu wa kujaza gari, na kwa karatasi za jeshi mtu na jibu ni kitu kimoja. Wakamfunga mikono kwa mbele.

Mnataka kujua mimi nilifanya nini? Nilikunja waya. Nilikunja canon zote mbili, duara kwa duara, bila haraka, kama fundi mwenye kazi nyingi, ili nisiinue macho. Dieudonné aliniita mara moja, "Libérat?" Nikajifanya kiziwi. Fundi wa sauti.

Walipompandisha, mama Anne-Marie alimpa beseni la ugali, na kwa kuwa mikono ilifungwa alimuwekea mapajani. Kisha alikuja kwangu. Nilingoja kofi. Alinishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu akulipe, Libérat. Umejaribu. Wengine hata hawangefika hapa."

Mngekuwa na bunduki karibu, mngenipiga. Ningewapa na risasi.

Lakini hakuniachia. Alisogea sikioni.

"Placide hana simu mbili," alisema polepole. "Ile moja niliuza mihogo yangu kumununulia. Kuna muntu anamuficha. Muntu anakula, analala, na mutoto wangu anaenda kufa kwa jina lake. Weye unatembea naye kila siku. Unamujua. Ni nani?"

Injini ya gari iliwaka. Dieudonné alikuwa ananitazama. Mikono ya mama ilikuwa bado kichwani mwangu, inanuka samaki.

Safari hii mdomo ulifunguka wenyewe, wala haukusita.

"Sylvestre," nilisema. "Wa soko la Mulongwe."

Hakuuliza mara ya pili. Alipandisha kitenge mpaka magotini, akakimbia kuelekea gari, anapunga mikono yote miwili.

"Musimame! Afande, musimame! Namujua Général! Namujua na fasi anauzisha!"

Gari ikasimama.